Akibisha hodi, mfungulie

Mwanangu,

Umeniambia mhudumu wa afya ya jamii ameshaandika jina lako na atakuwa anakuja nyumbani ukijifungua, nawe waona ni usumbufu. Akibisha hodi, mfungulie, hata kama hujachana nywele na vyombo vimelala.

Sijawahi kukusimulia hili. Siku ya tatu baada ya kukuzaa, kichwa kilinigonga tangu alfajiri, nikawa naona nyotanyota. Wageni tele, wote wamekuja kukuona wewe. Nilipolalamika, wakasema ni usingizi tu. Yule mama mhudumu alipoingia hakukugusa kwanza. Aliniuliza mimi nimeamkaje. Akanifunga mkanda wa presha, akatazama, akanyamaza, akanipima tena. Jioni ile nililazwa hospitali. Jina "kifafa cha mimba", yaani degedege la presha kupanda, lisikudanganye: chaweza kumvamia mtu na mtoto tayari amempakata.

Wako naye atafanyiwa yake. Mhudumu atamfunua kifua ahesabu pumzi dakika nzima (usimsemeshe, atapoteza hesabu). Zikifika 60 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, ni hospitali moja kwa moja. Ataangalia kitovu, halafu viganja na nyayo kama vina umanjano. Kisha atakwambia umnyonyeshe mbele yake. Usione haya, kichanga aliyeanza kugoma ziwa ni wa kukimbizwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2022, linataka mama abaki kituoni angalau saa 24, kisha yeye na mtoto waonwe tena si chini ya mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Lakini damu ikijaza pedi ndani ya saa moja, au ukipata homa na uchafu wenye harufu, usikae kumsubiri mhudumu eti zamu yake ni kesho.

Na ukijikuta unalia siku nenda rudi, humtamani hata mtoto, mwambie. Mimi niliona aibu, nikaficha miezi.

Mumeo awepo siku ya kwanza, asikie kwa masikio yake. Mimi nafika wiki ya pili, na mashine ya presha mkobani. Cheka utakavyo.

Mama yako