Miombo haihitaji marufuku ya moto, inahitaji ratiba

Mhariri,

Kila kiangazi kinapoelekea ukingoni, picha za misitu ya miombo ikiteketea hujaa magazetini, na wito unaofuata huwa uleule: moto upigwe marufuku kabisa. Uchungu huo ninao pia. Lakini marufuku ya jumla inauumiza msitu huohuo tunaotaka kuuokoa, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Miombo hupata mvua msimu mmoja tu. Nyasi hurefuka, kisha hukauka kwa miezi mitano au zaidi. Nyasi za namna hiyo zitaungua tu siku moja, kwa mkono wa mtu au kwa radi. Kinachoamua hatima ya msitu ni mwezi zitakaoungua.

Kusini mwa ikweta, Mei na Juni nyasi bado zina ubichi kwenye mashina. Moto hutambaa polepole, miali haifiki matawini, viraka vingi hubaki bila kuguswa, na mara nyingi umande wa usiku huuzima. Septemba na Oktoba mambo ni mengine kabisa. Nyasi zimekauka hadi chini, jua ni kali, upepo unavuma, na ndipo miti ya miombo inapotoa majani yake mapya mekundu, kabla hata tone la mvua halijaanguka. Moto kichaa wa wakati huo huunguza machipukizi. Mche ukiungua huanza tena kutoka mizizini, na ukiunguzwa hivyo kila mwaka hauwezi kamwe kupita kimo cha miali. Mninga mchanga huweza kukaa miaka mingi katika hali hiyo, mzizi ukinenepa ardhini huku juu pakionekana kijiti tu.

Jambo hili lilipimwa zamani. Katika miaka ya 1930, karibu na Ndola nchini Zambia, viwanja vya miombo viligawanywa: vingine vikachomwa mapema kila mwaka, vingine mwishoni mwa kiangazi, vingine vikakingwa moto moja kwa moja. Miaka ilivyopita, vilivyochomwa kwa kuchelewa vilipoteza miti na kugeuka mbuga ya nyasi yenye miti michache sugu. Vilivyochomwa mapema vilibaki miombo. Vilivyokingwa vilifunga kivuli, nyasi zikapungua, na miti isiyopukutisha majani ikaanza kuingia.

Najua kuna atakayesema: basi tukinge kote. Kiwanja kidogo chenye kinga moto pana pande zote, yaani ukanda uliofyekwa nyasi, kinawezekana. Maelfu ya kilomita za mraba hayawezekani. Nyasi za miaka miwili au mitatu hurundikana, cheche moja inaruka mwezi Oktoba, na moto unaozuka hapo huua hata miti mikubwa ambayo moto wa Juni usingeibabua. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la sera za kuzuia moto wowote, na bado linarudiwa.

Kaskazini mwa Australia waliacha mtindo huo. Mwaka 2006, magharibi mwa Arnhem Land, wenyeji wa asili na wataalamu walianza kuchoma mapema, kwa viraka, katika eneo la takriban kilomita za mraba 28,000. Moto wa mwishoni mwa kiangazi ulipungua, gesi zinazoongeza joto duniani zikapungua, na wenyeji wanalipwa kwa kazi hiyo.

Simaanishi kila mahali pachomwe. Misitu ya kingo za mito na ya milimani haivumilii moto, ikingwe. Hata miombo isichomwe sehemu ileile kila mwaka. Miche inahitaji miaka kadhaa ya kupumua. Lakini kibali cha kuchoma kinachotolewa Agosti hakina faida tena. Kitolewe nyasi zinapoanza kugeuka rangi, na wafugaji wa nyuki na wachungaji, wanaoijua miombo kwa miguu yao, wawepo ratiba inapopangwa.

Nanyi waandishi, mnapochapisha picha ya moto, tafadhali tuandikieni ulikuwa mwezi gani, na kama kilichokuwa kikiungua ni nyasi au ni miti.

Msomaji wenu