Vidoti vyekundu si eneo lililoungua

Mhariri,

Moto ukiwaka Kilimanjaro, kama ule wa Oktoba 2020, kuna wanaojumlisha vidoti vyekundu vya setilaiti kwenye ramani na kutangaza hekta. Kidoti huonyesha joto tu. Cha VIIRS, kihisi cha joto kilicho kwenye setilaiti, kina upana wa mita 375, hata kama ndani yake kimewaka kipande kidogo cha nyasi.

Eneo hupimwa kwa picha mbili za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ya kabla na ya baada ya moto, zinapatikana bure. Kila picha ina bendi, yaani sehemu za mwanga zilizopimwa kila moja peke yake. Kwa kila picha, toa bendi ya 12 kwenye bendi ya 8A, kisha gawanya kwa jumla ya bendi hizo mbili. Jibu la baada liondoe kwenye la kabla: panapozidi 0.27, kwa kawaida pameungua hasa. Pikseli (nukta ya picha, hapa mita 20 kwa 20) 25 ni hekta moja.

Adui mkubwa ni mawingu, na mlimani hayakosekani. Kivuli chake hujifanya jivu. Picha ya kabla isiwe ya masika, maana ukavu wa kawaida utahesabiwa moto. Ya baada isichelewe: vuli ikinyesha nyasi huchipua na kovu hufutika, ilhali vichaka vya erika, mmea wa juu mlimani, hubaki vimeungua kwa muda mrefu.