Filimbi zifungwe kwenye majaketi okozi ya boti za visiwani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwafikie wenye boti za abiria wa visiwa vya Ukerewe na Ukara, Ziwa Victoria, pamoja na wakaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Ombi langu ni dogo na bei yake ni ndogo: kila jaketi okozi lifungwe filimbi, na iwe ile isiyo na kigololi ndani.

Nilichezesha mpira hapa wilayani hadi magoti yakakataa, kwa hiyo filimbi ni kitu ninachokijua. Hivi karibuni nilivuka kwa boti ya mbao kutoka Bugolora kwenda Ukara, nikapewa jaketi, nikaanza kulipekua. Begani palikuwa na kitanzi na kipande cha kamba iliyokatwa. La jirani yangu hivyo hivyo. Kijana wa boti nilipomuuliza alicheka: "Mzee, watoto walikuwa wanazipuliza safari nzima, abiria wakalalamika, tukazikata zote."

Nilimwelewa, maana nimewahi kusimamia mechi ya shule ya msingi ambayo kila mtazamaji alikuja na kipenga chake. Lakini kukata si dawa. Kanuni za kimataifa zinataka jaketi la melini liwe na filimbi iliyofungwa imara kwa kamba, na sababu yake haihusu meli kubwa peke yake. Jaketi linakufanya uelee, basi. Ukishaelea gizani, wimbi likikusogeza mbali na wenzako, kinachobaki ni mtu mwingine ajue uko upande gani.

Watu husema, "Si nitapiga kelele?" Jaribuni. Dakika chache tu sauti imekauka, na kila ukifungua kinywa unameza maji. Mluzi wa mdomo nao unahitaji midomo iliyokaza. Ikishalowa na kutetemeka kwa baridi hautoki. (Bibi zetu walitukataza kupiga mluzi usiku kwamba tunaita nyoka, ziwani heri aje huyo nyoka kuliko asije mtu.) Filimbi haidai nguvu nyingi. Pumzi ya kawaida inapita kwenye upenyo mwembamba, inagonga ukingo mkali wa lile tundu la juu, halafu inayumba: mara inaingia ndani ya chumba cha filimbi, mara inatoka nje, maelfu ya mara kwa sekunde. Mtikisiko huo ndio sauti. Ni ufundi uleule wa kupuliza mdomo wa chupa ya soda, isipokuwa chumba cha filimbi ni kidogo sana, kwa hiyo sauti inakuwa nyembamba na kali, mara nyingi kati ya mitikisiko 2,000 na 4,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu linasikia vizuri zaidi humohumo. Mngurumo wa injini ya boti uko chini ya hapo, upepo nao vilevile, ndiyo maana filimbi inapenya katikati ya makelele ambayo yangefunika sauti ya mwanamume mzima.

Sasa kigololi. Filimbi tuliyoizoea viwanjani inafuata umbo la ile aliyoitoa Joseph Hudson wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1884, mwaka mmoja baada ya kuwauzia polisi wa London filimbi za kuchukua nafasi ya vile vyombo vya mbao walivyokuwa wakizungusha ili kuitana. Ndani aliweka kipira cha koki, ile mbao nyepesi ya vizibo vya chupa. Kinapozunguka kinaziba na kuzibua tundu, na hapo ndipo unapopata ule mlio wa kukatakata, prrrrr. Uwanjani ni mtamu sana. Lakini koki ikinywa maji inavimba, na hata cha plastiki hukwama kikishikwa na mate au mchanga. Mwamuzi wa mpira wa kikapu kutoka Kanada, Ron Foxcroft, alikwamiwa na filimbi mechi ikiendelea huko Brazil mwaka 1984. Akaenda kutafuta namna ya kuondoa kigololi kabisa, na filimbi yake ya Fox 40 ikaanza kutumika mwaka 1987 kwenye michezo ya Pan American, Indianapolis. Hiyo ina vyumba vitatu vinavyotoa sauti zinazotofautiana kidogo. Zikigongana unasikia mtetemo uleule bila kitu chochote kinachocheza ndani. Ikijaa maji unaielekeza chini, unapuliza kwa nguvu mara moja, inaendelea. Si lazima iwe ya kampuni hiyo. Mwanza zipo za plastiki zisizo na kigololi, bei yake haizidi sahani ya wali maharage.

Kuna anayedhani haya ni ya kinadharia. Titanic ilipozama Aprili 15, 1912, afisa wa pili Charles Lightoller alibaki amesimama na wenzake juu ya mashua iliyopinduka. Kulipoanza kupambazuka alipuliza filimbi yake ya kazi. Mashua mbili zikageuka na kuja kuwachukua.

Sisi wa visiwani tuna msiba wetu, MV Nyerere, Septemba 20, 2018. Sisemi filimbi ingebadilisha lolote siku ile: kivuko kilipinduka mchana, karibu na gati la Ukara, watu wakiona. Ninaowafikiria ni wavuvi wa dagaa wanaokesha na taa zao, na abiria wa boti inayozimikiwa injini saa moja jioni.

Kuhusu watoto, filimbi itiwe kwenye kimfuko cha jaketi chenye kifungo, kamba iwe ndefu ya kufika mdomoni, na nahodha aseme kabla ya kung'oa nanga kwamba ni ya hatari tu. Pia tukubaliane ishara moja. Wapanda milima wa Ulaya wanapuliza mara sita ndani ya dakika moja, wananyamaza dakika moja, wanarudia. Anayesikia anajibu mara tatu. Ile dakika ya kunyamaza ina kazi, maana ndiyo inayokuwezesha kusikia jibu. Kwetu ingefaa vilevile, na wavuvi wangeizoea upesi kuliko waamuzi wangu wa pembeni walivyozoea kanuni ya kuotea.

TASAC wakija kukagua boti huwa wanahesabu majaketi. Naomba siku hiyo wageuze na bega la kila jaketi. Na mwenye boti yeyote wa Nansio au Bugolora anayetaka kuonyeshwa fundo lisilofunguka, anipate jioni uwanjani vijana wanapofanya mazoezi. Kamba ninazo.

Mwamuzi mstaafu,
Nansio, Ukerewe