Makaratasi ya peni moja

Swahiba,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Mvua tu ndiyo imetufungia ndani, na ndani hakuna la kufanya ila kusoma.

Barua yako imenichekesha. Eti mtu mwenye akili zake timamu anaanzaje kuweka vipeperushi na matangazo, vitu ambavyo hata aliyevichapa hakutaraji vimalize mwezi? Ukitaka jibu inabidi twende Ulaya ya karne ya 16 na ya 17, mitambo ya kuchapa ilipomwaga mitaani makaratasi ya bei ya chini: nyimbo za ukurasa mmoja, habari za vita, kalenda, kashfa, picha za vioja. London wimbo mmoja uliuzwa peni moja. Ukishaimbwa, karatasi ilibandikwa ukutani, au ikafungia chakula kama gazeti la jana kwa muuza karanga, na safari yake mara nyingi ikaishia chooni.

Wengi walioziokoa wala hawakusukumwa na mapenzi ya karatasi. Mchungaji Johann Jakob Wick wa Zürich alisukumwa na hofu. Tangu 1560 hadi alipofariki mwaka 1588 alijaza majuzuu 24: nyota zenye mkia, mvua ya damu, watoto waliozaliwa na maumbo ya ajabu, wahalifu walionyongwa. Aliona kiama kinakaribia, na karatasi za sokoni ndizo zilizombebea ishara zake. Ukiitupa moja, umetupa onyo la Mungu.

Pierre de L'Estoile wa Paris alisukumwa na chuki. Huyu alikuwa ofisa wa mahakama, Mkatoliki, lakini mtu wa mfalme. Desemba 1588 mfalme Henri III aliwaua ndugu wawili wa ukoo wa Guise, vinara wa Ligi ya Wakatoliki (kundi la Wakatoliki wakali), na wafuasi wao walioushika mji wakajibu kwa mabango na vijitabu vya kumtukana, wakimchora kama wakala wa shetani. L'Estoile aliyanunua mitaani na kuyabandika katika kitabu kikubwa. Mwenyewe alisema yalistahili kutiwa moto, ila kayaweka ili ubaya wa walioyachapa uonekane. Mimi huyu namwamini kuliko wote. Mpenzi huficha aibu za mpenzi wake, lakini adui hatupi hata kipande.

Lakini aliyeninyima usingizi ni George Thomason, muuza vitabu wa London, jirani na kanisa la St Paul's. Mwaka 1640 bunge na mfalme walianza kuvutana, udhibiti wa uchapaji ukalegea, na vijitabu vikafurika. Thomason akaanza kukusanya vya pande zote, vya mfalme na vya bunge, akaendelea hadi 1661. Alifikisha karibu 22,000. Na si kukusanya tu. Kwenye vingi alichukua kalamu akaandika tarehe kilipomfikia, siku na mwezi. Nakala yake ya *Areopagitica*, hoja ya John Milton ya kupinga uchapaji kuombewa kibali, ina maneno kwamba ni zawadi ya mwandishi, na tarehe 24 Novemba. Kitabu chenyewe kilichapwa kikitaja mwaka tu, 1644. Hebu fikiria: mwanahistoria wa leo anaweza kufuata ugomvi ule wiki kwa wiki, nani alitoa tusi na nani alijibu, kwa sababu muuza duka mmoja hakuchoka kuandika tarehe.

Mwaka 1647 mfalme Charles I aliazima kwake kijitabu. Akiwa safarini kuelekea kisiwa cha Wight kikamponyoka, kikaanguka matopeni. Kilirudishwa, na Thomason akaandika kisa chenyewe mle mle ndani. Doa lipo hadi leo. Vita vya mfalme na bunge vilipochacha, Thomason akawa anahamisha shehena nzima, mara nje ya mji, mara Oxford, akihofia askari. Alikufa mwaka 1666 bila kuiuza. Mwaka 1762 ndipo mfalme George III alipoinunua kwa pauni 300 akaipa makumbusho ya taifa.

Samuel Pepys, yule mwandishi wa shajara wa London, namtaja kwa haraka, maana yeye alikuwa na ugonjwa wa mpangilio. Nyimbo zake zinapita 1,800, zimekaa katika maktaba yake ya vitabu 3,000 kamili, na wosia wake ni mkali: chuo cha Magdalene, Cambridge, kikipoteza kitu, maktaba yote inahamia chuo cha Trinity. Wosia wa namna hiyo, na ndani yake mna nyimbo za walevi!

Nyingine ziliokolewa na watu wasiojali kabisa. Mafundi wa kujalidi vitabu walichukua makaratasi makuukuu kuimarishia majalada, na leo jalada likichakaa, wimbo uliosahaulika unachungulia.

Sasa nawe nijibu: kati ya Wick, L'Estoile na Thomason, ungemkabidhi nani makaratasi ya uchaguzi uliopita mtaani kwenu? Mimi chaguo langu unalijua, ila sitaki unifuate tu.

Wasalimie wote nyumbani, na mama umfikishie shikamoo yangu.

Ni mimi, swahiba wako.