Boti ya alfajiri haisubiri ijae

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo lililonikaa kooni tangu mwezi wa nane. Nijitambulishe kwanza, anayesoma ajue anasikiliza nani. Nilikuwa konda wa daladala hapa Mwanza miaka kumi na moja, nikaacha mgongo ulipoanza kudai haki yake, na sasa nina kibanda cha vipuri vya mashine za boti huku Kirumba. Nauza plagi, propela, pini na mipira ya pampu. Kwa hiyo nikizungumzia kujaza abiria, sizungumzi kama malaika. Nimeshapakatisha watu wazima kwa watu wazima wenzao huku nikipiga bati: "Siti ipo mama, ingia, tunaondoka hivyo!"

Mke wangu, Mama Kulwa, amekaa Mkuyuni zaidi ya miaka ishirini. Kisiwa cha Saanane anakiona tangu anahamia, kimelala pale majini kama ng'ombe aliyeshiba, na hajawahi kukikanyaga. Mwezi wa nane mapacha wetu wakachanga, wakatuma pesa kwenye simu: baba, mpeleke mama visiwani. Nikapata namba ya kampuni moja, jina nalihifadhi. Tangazo lao lilisema safari ya alfajiri, watu wanane tu, kuondoka saa 12 kamili asubuhi. Elfu thelathini na tano kwa kichwa, kiingilio cha hifadhi mbali. Nikalipa.

Saa 11 na nusu tulikuwa ufukweni. Giza bado. Mama Kulwa amevaa sweta na kitenge juu yake, mkononi chupa ya chai na hotipoti ya mihogo. Saa 12 kamili tulikuwa abiria wanne. Kijana wa boti akaja na tabasamu, "Shikamoo mzee, tunasubiri wageni wawili tu, wako njiani." Mhariri, sentensi hiyo naijua kama jina langu. Nimeisema mara elfu pale Buhongwa. "Wako njiani" maana yake hawapo, na wala hajui kama watakuwepo.

Jua lilichomoza kama saa 12 na dakika 50, sisi tumekaa juu ya jiwe tunatafuna mihogo. Hiyo ndiyo saa tuliyoilipia, imekwenda hivyo. Saa 1 na nusu tulitimia tisa, nikasema sasa tayari, hata wamezidisha mmoja. Kijana akachukua simu, akaanza kupigia nyumba za wageni. Wakaja wengine na bajaji. Tukaondoka saa 2 na dakika 50, abiria kumi na saba, bila kumhesabu nahodha na msaidizi wake.

Jaketi okozi zilikuwa kumi na mbili. Nilizihesabu kwa kidole. Mbili hazikuwa na vifungo, zimekazwa kwa kamba ya manila. Mama Kulwa akaniambia, "Baba Kulwa, mimi bila hilo koti siingii humo," akapewa, nami nikapewa. Kijana aliyekaa ubavuni mwangu, wa miaka kama ishirini hivi, hakupata. Nilimwona hana, nikafunga langu, nikanyamaza. Hilo linanisuta mpaka leo na nimeona niliandike kabla mtu hajaniuliza mwenyewe nilifanya nini.

Tulipokaa wote, ukingo wa boti ulibaki shubiri mbili juu ya maji. Nilipima kwa mkono wangu, kidole cha mwisho kikalowa. Kwenda kulikuwa na nafuu. Kisiwani tulikaa dakika arobaini kwa sababu boti ilikuwa na zamu nyingine, na wanyama wengi walikuwa wameshajificha jua. Kurudi, saa 4 na ushee, upepo ulikuwa umeshaamka, mawimbi yanaruka ndani, msaidizi anachota maji kwa kopo la rangi. Hakuna aliyekuwa anaongea. Mama mmoja alikuwa anasali kwa sauti ndogo, na nahodha anamwambia "usiwe na wasiwasi mama" bila kumtazama.

Sina haja ya kuwakumbusha wasomaji wa Mwanza tumetoka wapi. Tukipita Igoma tunayaona makaburi ya wale wa MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko kilichotengenezewa watu 101, kilipinduka hatua chache tu kabla ya gati ya Bwisya kule Ukara, wakafa watu 228. Vile vilikuwa vyombo vikubwa vya watu wenye shida zao, hawana njia nyingine. Sisi tulikuwa tumekwenda kutazama pimbi.

Mama Kulwa alisema hapandi tena. Nikambembeleza wiki saba. Mwezi wa kumi nikapata watu wengine, tofauti kabisa. Nahodha alinipigia simu jioni ya siku ya kabla: mzee, mko sita, utabiri wa ziwa wa TMA, wale wa hali ya hewa, unasema shwari, kukibadilika usiku nitakupigia saa 10, na pesa yako utarudishiwa. Nikashangaa. Watu wengi wanadhani alfajiri ziwa ni salama siku zote kwa kuwa limetulia. Manahodha wazee wanajua si hivyo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hewa inashuka kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, inapanda, na ndiyo maana radi nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku na kuelekea asubuhi. Ukiwa ufukweni unaona umeme unamulika kwa mbali, unalala. Mvuvi wa dagaa yuko chini yake. Kwa hiyo asubuhi ni nzuri, lakini kwanza uulize usiku ulikuwaje. Kisha kuanzia saa 4 au 5 mambo yanageuka, nchi inapata moto, upepo unatoka ziwani kuja kwetu na kuchafua maji. Ukiondoka saa 12 unacheza kati ya hizo mbili. Ukiondoka saa 3 umelipia alfajiri ukapewa mawimbi.

Tuliondoka saa 12 na dakika 10. Abiria sita, kila mmoja na jaketi, limefungwa na nahodha mwenyewe kabla mashine haijawashwa. Boti za dagaa zilikuwa zinarudi, maana lilikuwa giza la mwezi, na taa nyingine bado zinawaka. Mama Kulwa akawapigia kelele "Mwangaluka!" wakaitikia boti nzima, mmoja akanyanyua beseni. Tukazunguka Jiwe la Bismarck taratibu. Juu yake mnandi wamejipanga, mabawa wazi kama nguo zilizoanikwa. Jua likatoka nyuma ya kilima cha Bugando, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa.

Ngoja niseme la fisi maji, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Tulipokaribia mawe ya Saanane nahodha akazima mashine kabisa, tukawa tunasukumwa na maji tu. Kimya. Mama Kulwa akanibana goti. Kwenye jiwe la chini, kama mita kumi hivi, mnyama wa kahawia anayeng'aa alikuwa ameshika samaki kwa mikono miwili, namna mtoto anavyoshika muhindi, anamtafuna kuanzia kichwani. Tulimsikia anavyovunja mifupa. Akatutazama, akaendelea kula. Alipomaliza akajifuta mdomo kwenye jiwe, huku na huku, akateleza majini bila kutoa hata tone la sauti. Nimeishi kando ya ziwa hili maisha yangu yote, nilikuwa namjua kwa kusimuliwa tu. Sasa niambie, watu kumi na saba, simu kumi na saba, mashine inaunguruma, huyo fisi maji mngemwonea wapi?

Juu kidogo pimbi walikuwa wametoka kuota jua, wamebanana juu ya jiwe kama abiria wangu wa zamani. Wale wanahitaji jua la asubuhi wapate moto mwilini ndipo waanze kula, kwa hiyo ukichelewa unakuta jiwe tupu. Mijusi yenye vichwa vyekundu na miili ya bluu wanakuja baadaye, jiwe likishapata joto. Kila mmoja ana zamu yake pale, na zamu hizo hazimsubiri mtu aje na bajaji.

Tuliposhuka kisiwani, mwongozaji akatueleza kwamba Saanane lilikuwa jina la mzee, Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa na kisiwa hicho kabla serikali haijakichukua. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Mama Kulwa akashika kiuno: "Kumbe nilikuwa naita jina la baba wa watu miaka yote hii bila hata kumwamkia!" Hifadhi nzima, maji yake yakiwemo, ni kilomita za mraba 2.18, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa Tanzania. Rubondo ndugu yake ina zaidi ya 450. Mahali padogo namna hiyo, boti moja iliyojaa inatosha kupafanya stendi.

Mwanangu Doto alinionyesha kwenye simu habari za Ghuba ya Maya, kule Thailand, kisiwa cha Phi Phi Leh. Walikuwa wanaingia hadi watu 5,000 kwa siku kwenye ufuko mmoja mdogo, boti zinatia nanga juu ya matumbawe, mpaka serikali ikafunga mwaka 2018. Walipofungua Januari 2022 boti zikapigwa marufuku kuingia ghubani, zinashusha watu upande wa nyuma, na wanaoingia wanahesabiwa kwa zamu. Sisi hatujafika huko na sisemi tutafika. Nasema tu kwamba wao walikuwa wanapata fedha nyingi kuliko sisi na bado ilibidi wahesabu vichwa.

Najua atakayenijibu ni mwenye boti, atasema: mzee, petroli bei juu, wewe unaongea tu. Hapo nimjibu kama muuza vipuri. Chukua boti ya mashine ya nguvu za farasi 40. Ikiwa na watu wanane, nahodha akivuta gesi pua inanyanyuka, boti inapanda juu ya maji na kuteleza, anapunguza gesi na bado inakwenda. Weka kumi na saba, pua hainyanyuki. Boti inalima maji kama trekta, gesi wazi mwanzo mpaka mwisho, petroli inakwenda mara mbili kwa mwendo wa kobe, mashine haipumziki. Wanaofanya hivyo ndio wateja wangu wazuri, kwa hiyo hapa naandika dhidi ya tumbo langu mwenyewe. Zile elfu thelathini na tano za abiria wa tisa mpaka wa kumi na saba, nyingi mnaziacha kwenye tangi, nyingine mnaniletea mimi.

Ninachoomba si kikubwa. Anayeuza safari ya alfajiri auze boti, asiuze vichwa. Aseme boti nzima ni kiasi fulani, mwisho wake watu wanane. Mkiwa wanne mtagawana wanne, mkiona ghali msubiri Jumapili muwe wengi. Pesa yake imeshatimia tangu jioni, hana sababu ya kukaa ufukweni anapigia nyumba za wageni. Idadi ya watu iandikwe ubavuni mwa boti kwa rangi, herufi za kusomeka kutoka nchi kavu, TASAC wanaokagua vyombo hivi waione na Mama Kulwa naye aione. Na saa 12 iwe saa 12. Kwenye daladala nilipochelewesha watu nilikula matusi yao, tukafika. Nilipozidisha, gari lilizima mlimani tukashuka tukasukuma. Ziwani hatutashuka kusukuma.

Wasafiri wenzangu nao, tusipende rahisi ya elfu tano tukaingia popote. Muulizeni nahodha jaketi ngapi, muulizeni watu wangapi, na akisema "wako njiani", mjue mnaongea na konda.

Juzi yule kijana wa boti ya kwanza alikuja kibandani kununua plagi. Hakunikumbuka mpaka nilipomtajia mihogo, akacheka, akaniuliza kama nilifurahia safari. Nikampa plagi zake mbili, nikapokea pesa, nikamwambia jibu lake atalisoma gazetini.

Konda Mstaafu,
Mkuyuni, Mwanza.