Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Uingereza: Nani aliusoma mkataba wangu?

YAH: KODI YA WAKANDARASI KATIKA TAASISI ZA UMMA

Mheshimiwa Waziri,

Nakala ya Kiingereza ya barua hii nitaituma ofisini kwako. Nimeanza na Kiswahili kwa sababu wenzangu wengi waliotoka Afrika Mashariki, mafundi wa kompyuta, wahandisi, wahudumu wa afya, wamefungua kampuni zao za mtu mmoja hapa Uingereza na wamekatwa fedha miaka nenda miaka rudi bila mtu kuwafafanulia wanakatwa nini. Nao wana haki ya kuyafuata mazungumzo haya.

Mimi ni mkandarasi wa mifumo ya kompyuta. Mwanzoni mwa 2017 nilikuwa katika hospitali moja ya umma, nikihamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Kazi ilikuwa na mwisho unaojulikana. Vifaa vilikuwa vyangu, saa nilijipangia mwenyewe, na nikikosea nilirudia kwa gharama yangu. Wiki chache kabla ya tarehe 6 Aprili ikaja barua pepe ya aya moja, tumetumiwa wote kwa mkupuo: kuanzia siku hiyo kila mkandarasi atahesabiwa kuwa ndani ya sheria ya kodi iitwayo IR35, yaani atakatwa kodi kama mwajiriwa. Niliandika kuuliza nani aliyeusoma mkataba wangu. Sikujibiwa hadi nilipoondoka.

Kwa msomaji asiyeijua, IR35 ilipata jina lake kutoka kwenye namba ya taarifa ya mamlaka ya mapato ya Machi 1999, na sheria yenyewe ikaanza Aprili 2000. Shabaha yake ni mtu anayefanya kazi kama mwajiriwa huku akijificha nyuma ya kampuni yake ili alipe kodi na michango midogo ya Bima ya Taifa. Sina ugomvi na shabaha hiyo. Wapo walioacha ajira Ijumaa wakarudi Jumatatu kwenye kiti kilekile, safari hii wakiitwa kampuni, na mwenzao wa meza ya pili anayelipa kodi kamili ana haki ya kulalamika. Kwa miaka 17 mkandarasi mwenyewe ndiye aliyeamua yuko upande gani, na akikosea deni lilikuwa lake. Aprili 2017 uamuzi huo ukahamishiwa kwa taasisi za umma. Aprili 2021 ukafika kwa kampuni binafsi kubwa na za kati.

Tatizo ni hili. Taasisi ikimweka mtu nje ya IR35 kimakosa, deni linaweza kuiangukia. Ikimweka ndani kimakosa, anayeumia ni mkandarasi peke yake. Katika mizani ya namna hiyo, ofisa gani atathubutu kusema "huyu yuko nje"? Mahakama za nchi hii tangu kesi ya Ready Mixed Concrete ya 1968 zinamwangalia mtu na kazi yake: anasimamiwa kiasi gani, anaweza kumtuma mwingine badala yake, kila upande una wajibu gani kwa mwenzake. Hayo hayajibiwi kwa barua moja iliyotumwa kwa watu wote.

Usidhani nasema hivi kwa uchungu wangu tu. Februari 2022 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza kwamba wizara na wakala za serikali kuu zilidaiwa, au zilitarajia kudaiwa, pauni milioni 263 katika mwaka wa fedha 2020-21 kwa kuitekeleza sheria hii vibaya. Wizara ya Kazi na Pensheni peke yake ilikuwa karibu pauni milioni 88. Wizara zenye wanasheria wake zilishindwa kuisoma sheria ya serikali yao wenyewe! Na baada ya madeni hayo woga umezidi, maana njia rahisi ya kutodaiwa ni kumweka kila mtu ndani. Mkandarasi asiyeridhika, tangu 2021, anaruhusiwa kupinga, na taasisi ina siku 45 za kumjibu. Lakini anapinga kwa taasisi ileile iliyomhukumu. Sisi tuliokua na Kiswahili tunaijua hiyo: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Sasa fedha. Wengi waliowekwa ndani wamesukumwa kwenye kampuni mwavuli, ambazo huwaajiri na kuwalipa. Mwajiri hatakiwi kumkata mfanyakazi mchango wa Bima ya Taifa ambao ni wa mwajiri. Lakini katika mpango huu mchango huo hutolewa kwenye malipo ya kazi kabla hayajaitwa mshahara. Tangu Aprili 2025 kiwango ni asilimia 15, kutoka 13.8, na kinaanza kuhesabiwa mtu akipita pauni 5,000 kwa mwaka badala ya 9,100. Chukua mtu ambaye kazi yake inalipwa pauni 2,000 kwa wiki: takriban pauni 250 zinaondoka hapo, kisha ndipo kodi yake mwenyewe inaanza kukatwa. Hata malipo ya likizo hutengwa kutoka fungu hilohilo. Na aliyebaki na kampuni yake, akahesabiwa ndani, hana likizo ya malipo wala malipo ya ugonjwa kutoka taasisi hiyo. Kwa kodi ni mwajiriwa. Akiugua ni mfanyabiashara.

Najua utajibiwa na wasaidizi wako kwamba haki za kazi ni za wizara nyingine. Ni kweli, na ndiyo maana miaka yote hii tumeanguka katikati ya wizara mbili, kila moja ikituelekeza kwa mwenzake. Wewe ndiye unayeishika sheria ya kodi, kwa hiyo ninaanzia kwako.

Ninaomba chombo huru cha kusikiliza pingamizi, kilicho nje ya taasisi iliyoamua, chenye muda maalumu na kisichohitaji mtu kukodi wakili. Ninaomba pia sheria itamke kwamba taasisi ya umma inayomhesabu mtu kuwa mwajiriwa kwa ajili ya kodi itamlipa likizo na ugonjwa kwa kipindi hichohicho, kutoka bajeti yake na si kutoka malipo ya mtu huyo. Septemba 2022 serikali ilitangaza itayafuta mabadiliko ya 2017 na 2021, na Oktoba hiyohiyo ikabadili kauli. Siombi tena kufutwa. Mageuzi yaliyotangazwa na kuzikwa ndani ya wiki nne yalitufundisha kutoyasubiri.

Mwezi ujao naanza mkataba katika taasisi nyingine ya umma. Nimeshapokea uamuzi wake: ndani. Bado hawajanitumia mkataba wenyewe kuusoma.

Wako mtiifu,

Mkandarasi wa mifumo ya kompyuta