Yeye aanzishe, sisi tutapokea

Nakuru, Jumapili jioni

Kwako rafiki yangu wa dawati moja,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Sisi tu wazima, mvua imeanza na mahindi yamechomoza. Natumai mama naye anaendelea vyema.

Nimekawia kujibu kwa sababu ya neno lako moja. Nilipokutumia albamu ya mwisho aliyoitoa Johnny Cash, yule mwimbaji wa country wa Marekani, akiwa hai, "American IV: The Man Comes Around", ulisikiliza nyimbo mbili ukaniandikia: "Wangemwacha mzee apumzike." Wiki mbili nzima neno hilo limenikaa kooni.

Kweli, alikuwa mgonjwa. Albamu ilitoka Novemba 2002, yeye akiwa na miaka 70, na nimonia ilikuwa imemlaza hospitalini mara kadhaa. Sauti ile nzito tuliyoizoea redioni sasa inatetemeka, na pumzi unaisikia ikimpungukia. Sikatai pia kwamba nyimbo nyingine zinamshinda. "Bridge Over Troubled Water" siirudii, na "Desperado" naona imewekwa tu kujaza nafasi.

Lakini nifanyie jambo moja. Tafuta "Give My Love to Rose" aliyoirekodi 1957, kisha usikilize ileile kwenye albamu hii. Ni kisa cha mfungwa aliyeachiliwa baada ya miaka kumi, akawa njiani kurudi kwa mkewe na mwanawe, akaanguka kando ya reli kabla hajafika. Mpita njia anamkuta akikata roho, naye anamwagiza: mpelekee Rose salamu zangu na pesa hizi, mwambie mwanangu babake anajivunia yeye. Mwaka 1957 Cash alikuwa na miaka 25. Anaimba vizuri, gitaa linakwenda mwendo wa garimoshi, nawe unamwona yule mpita njia, kijana mwenye afya na huruma, akisimulia alichokikuta asubuhi. Kwenye albamu hii mpita njia simsikii tena. Aliyelala kando ya reli ndiye anayeimba. Kila anapolirudia jina la Rose najikuta nimezuia pumzi, kana kwamba nikipumua nitamnyang'anya hiyo kidogo aliyobaki nayo. Wimbo huo, uleule wa ujana wake, ndio uliompa tuzo ya Grammy mwaka 2003.

Watu wengi huusifu "Hurt", nao umo kwenye albamu hii, na wana haki. Trent Reznor aliutoa 1994 na bendi yake ya roki. Cash akaondoa tusi moja, akaweka taji ya miiba, na wimbo ukawa wa mzee anayehesabu alivyopoteza. Kwenye video yake anaonekana mkewe, June, amesimama kwenye ngazi akimtazama. Siwezi kuyaangalia macho yale hadi mwisho. June alifariki Mei 2003, miezi michache tu baadaye. Na hapo ndipo neno lako linaponishinda kabisa, kwa maana baada ya msiba Cash alimwambia produsa wake, Rick Rubin, ampe kazi, la sivyo atakufa. Akaendelea kurekodi hadi Agosti, macho yakiwa yamefifia. Septemba 12 naye akaondoka. Kurekodi aliomba mwenyewe, rafiki yangu.

Sasa nikuambie kwa nini liliniuma hivyo. Unamkumbuka Baba: sauti ya nne kwenye kwaya, na Jim Reeves kila Jumapili baada ya chakula, redio ikiwa dirishani ili hata jirani afaidi. Wimbo ule wa kwanza wa albamu, "The Man Comes Around", angeupenda. Cash aliutunga mwenyewe kutoka Ufunuo, na ndani yake yumo farasi wa rangi ya kijivujivu, na umo hata ule mchokoo, fimbo ya ncha kali, anaoupiga mateke Sauli katika Matendo. Baba angesimamisha kaseti, akavaa miwani na kufungua Biblia kuhakikisha.

Baada ya kiharusi sauti yake haikuwa ile tena. Alijaribu Jumapili mbili, akapotea katikati ya ubeti, watu wakageuka kumtazama. Mimi ndiye niliyemwambia, "Baba, pumzika, umeimba ya kutosha." Aliitikia kwa kichwa tu. Hakuimba tena, kanisani wala nyumbani, na aliishi miaka mitatu mingine. Nilidhani namkinga na aibu, kumbe aliyeona aibu nilikuwa mimi. Hili sijamwambia mtu mwingine.

Albamu inaishia kwa "We'll Meet Again", ule wimbo wa siku za Vita vya Pili vya Dunia. Cash anauanza peke yake, taratibu, na mwishoni sauti za watu wengi zinaingia kumpokea, zisizo na mpangilio wa studio, kama watu wa nyumbani waliosimama mlangoni. Nilipofika hapo jana usiku nililia. Ubeti ule uliompotea Baba ulikuwa unajulikana na kanisa zima. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, na sauti ninayo.

Ijumaa nitapanda matatu ya asubuhi, nitafika kwenu kabla ya chakula cha mchana. Uliniambia mama ameacha kuanzisha nyimbo kwenye jumuiya kwa sababu ya kikohozi. Mwambie ninakuja na kitabu cha Nyimbo za Injili cha Baba. Yeye aanzishe, sisi tutapokea.

Wako wa siku zote